Tutambue Kabla ya Kupiga: Inzi Mdogo wa Mabonde ya Bugendana

Somo la kwanza apewalo kuruta si kufyatua risasi, bali ni kutambua. Huonyeshwa sare, mwendo na sura ya silaha, na hufundishwa jinsi ya kumwamuru mtu asimame ajitaje, ili siku ya kazi asije akampiga mwananchi kwa kumdhania adui, wala asimwachie adui apite kwa kumdhania mwananchi. Polisi naye hufundishwa vivyo hivyo kwa namna yake: kwanza kitambulisho, halafu mashtaka. Lakini pako mahali pamoja ambapo sote, wenye sare na wasio na sare, tumezoea kupiga bila kutambua, napo ni katika vita dhidi ya wadudu. Bomba la dawa likishapandishwa mgongoni, kila kirukacho huwa adui.

Nakusudia kumtetea mdudu mmoja afaye kwa wingi katika upigaji huo wa ovyo. Ni inzi mdogo, mwenye miguu mirefu kuliko mwili wake unavyostahili, na rangi ya kijani au buluu ing'aayo kama shaba iliyosuguliwa kwa ajili ya gwaride. Yeyote aliyewahi kushika lindo asubuhi karibu na mfereji wa maji, katika mabonde yaliyo chini ya vilima vya Bugendana mkoani Gitega, amekwisha kumwona hata kama hakumwangalia. Husimama juu ya jani pana, kwa mfano la mharage, la boga au la mgomba, akiwa ameinua kifua kwa ile miguu yake kama mtu aliyepanda mnara wa ulinzi. Hukimbia hatua mbili tatu, hugeuka, husimama tena. Ukinyosha kidole amekwisha ruka, na kabla hujashusha mkono amerudi kwenye jani lile lile. Wapigapicha wanaowafuata wadudu hawa hulalamika kwamba taa ya kamera ikimulika, picha hutoka na jani tupu.

Wataalamu huiita jamaa yake Dolichopodidae, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mguu mrefu. Ni jamaa kubwa: aina zilizokwisha kupewa majina duniani zapita 7,000, na katika Afrika iliyo kusini ya Sahara zimo mamia. Wengi wao wana urefu wa milimita chache tu. Aliye mkubwa kabisa kwa kawaida hafikii sentimita moja. Sisi hatukumpa jina. Kwa Kiswahili ni inzi, kwa Kirundi wengi watamwita isazi tu, kama aitwavyo yule wa chooni, na hapo ndipo matatizo yake yanapoanzia.

Maana inzi huyu hana shughuli na choo wala na sahani yetu. Hanyonyi damu ya mtu wala ya ng'ombe. Yeye ni mwindaji. Chakula chake ni wadudu wenye mwili laini walio wadogo kuliko yeye: vidukari wanyonyao utomvu wa maharage, utitiri wa majani, mabuu madogo, na vijinzi vya kila namna. Humrukia windo, humkamata kwa mdomo, humfunika kwa midomo yake miwili minene kama mtu afumbaye kiganja, humsaga kwa meno madogo yaliyo upande wa ndani, kisha humfyonza akabaki ganda tupu. Aina nyingine za jamaa hii hutembea ukingoni mwa madimbwi, juu ya tope na hata juu ya maji yenyewe, nazo zimeonekana zikinasa viluwiluwi vya mbu katika maji yanayokauka.

Watoto wake nao ni askari wa chini ya ardhi. Jike hutaga katika udongo wenye unyevu, penye majani yaliyooza au kando ya maji, na mabuu yatokayo huwinda humo humo gizani, yakila vijidudu vingine, hata yatakapojijengea kifuko cha chembe za udongo na kugeuka inzi kamili. Wako jamaa zao waishio chini ya magome ya miti, wakiwala mabuu ya mbawakawa waharibuo misonobari. Na ili nisionekane kuipamba jamaa hii kupita kiasi, yafaa niseme kwamba limo kundi moja lililoasi uwindaji: mabuu yake hutoboa mashina ya mimea. Hata hilo limepata wa kulitafuta, kwa kuwa aina yake moja ya Amerika ya Kusini hula gugu maji, na imechunguzwa katika Afrika ya Kusini kwa matumaini ya kulipunguza gugu lile lililoisumbua Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980.

Nikiruhusiwa kutoka kidogo njiani: katika aina kadhaa, madume wana miguu iliyopambwa kwa manyoya au vibapa vyeusi na vyeupe. Dume humsimamia jike mbele, akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili, kwa hesabu, bila kukosea. Sajenti wa gwaride asingepata la kumsahihisha.

Sasa, si ajabu kwamba askari humchukia inzi. Ana sababu za kale. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa katika nchi zetu, farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu mengi kwa ajili ya mbung'o, na mizigo yao ikahamia vichwani mwa mamia ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika. Kitega, kama ilivyoandikwa wakati huo, ilichukuliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Juni 1916, na majeshi yale yalifika kwa miguu ya watu. Baadaye, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, ugonjwa wa kuhara damu ulipopita katika Zaire, Rwanda na Burundi, inzi wa nyumbani alikuwa miongoni mwa wachukuzi wake, na kambi yoyote yenye choo kibaya ililipa. Na mbu hahitaji kusimuliwa. Mwezi Machi 1917 askari alilala pasipo chandarua kwa sababu hakuwa nacho. Mwezi Machi 2017, miaka 100 baadaye, Serikali ya Burundi ilibidi itangaze malaria kuwa janga nchini. Mtu aliyezaliwa katika historia hiyo akishika bomba la dawa, ni vigumu kumwambia angoje kwanza atazame.

Hata hivyo ndilo ninalomwambia. Na mfano ulio bora haumo vitani bali katika shamba la maharage, ambalo askari wengi wanalo, ama nyuma ya nyumba za kambi, ama kwa wazazi wao kilimani.

Maharage ndiyo nyama ya Mrundi, na watu wa nchi hii wahesabiwa miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani. Katika mabonde ya majimaji, mvua zikiisha na maji yakipungua, wananchi hulima msimu wa tatu, ule uitwao msimu wa C, na kijani pekee kionekanacho wakati vilima vimekauka ni kile cha bondeni. Katika kijani hicho hukutana inzi wawili. Wa kwanza ni inzi wa maharage. Ni mweusi, mfupi, mng'avu, urefu wake kama milimita 2, naye hutaga katika mche ungali mchanga. Funza wake hushuka ndani ya shina hadi karibu na mizizi. Shina huvimba, hupasuka, majani hugeuka manjano, na mche hufa kabla haujatoa ua. Huyu ni adui wa kweli, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hii, ISABU, imemwandama kwa miaka mingi. Wa pili ni huyu wetu mwenye miguu mirefu, ambaye yupo pale kwa ajili ya kula vidukari, wale wale wachukuao ugonjwa wa mosaiki kutoka mharage mmoja hadi mwingine.

Wote wawili ni wadogo. Wote wawili hung'aa. Wote wawili hukaa juu ya jani la mharage asubuhi. Mkulima mwenye haraka huona vijinzi vingi juani, hushtuka, hukimbilia bomba. Kumbe alioona huenda wakawa walinzi wake. Adui mwenyewe amekwisha kutaga, na funza wake wamo ndani ya shina, mahali ambapo dawa iliyopulizwa juu ya majani huwafikia kwa taabu. Matokeo ya zoezi hilo ni kwamba mwenye hatia yumo ndani ya nyumba amejifungia, na waliopigwa ni waliokuwa barabarani.

Si hilo tu. Vidukari huzaana upesi mno. Jike mmoja huzaa bila dume, na watoto wake huanza kuzaa baada ya siku chache. Wawindaji wao huchukua muda mrefu zaidi kurudi, hasa hawa ambao watoto wao hukulia katika udongo. Kwa hiyo shamba lililopulizwa ovyo huweza kuonekana safi kwa muda mfupi, kisha likajaa vidukari kuliko kwanza, na mwenye shamba akanunua chupa ya pili. Muuzaji wa dawa hana sababu ya kumweleza kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi huyu amesahau mbu wa 2017. La hasha. Dawa ipakwayo kutani ndani ya nyumba imelengwa. Humngoja mbu mahali anapotua baada ya kuuma au kabla ya kuuma, na inzi wetu haingii nyumbani kulala. Chandarua chenye dawa kimelengwa vilevile. Kufukia dimbwi lililo karibu na bweni, kumwaga maji yaliyotuama katika makopo na matairi, kusafisha choo, hayo yote ni kazi ya askari na hayana ubishi. Ninachokipinga ni tabia iliyo tofauti: kupuliza dawa juu ya ua, vichaka, nyasi za mfereji na bustani, kwa kufuata kalenda, ili kambi ionekane kwamba imechukua hatua. Mbu waenezao malaria huuma usiku. Sumu iliyopulizwa juu ya majani saa nne za asubuhi huwakuta wafanyakazi wa mchana, yaani nyuki, vipepeo, na inzi wawindaji.

Tena dawa zenyewe si maji. Wengi tuliokua vijijini twaikumbuka endosulfan, ambayo ilisifiwa kila mahali katika kanda hii kwa mazao ya namna nyingi. Mwaka 2011 mataifa yaliyotia sahihi Mkataba wa Stockholm yaliiweka katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani, kwa kuwa haiozi upesi, husafiri mbali, na hukaa katika miili ya viumbe. Maji ya mabonde ya Bugendana huteremka hadi Ruvubu. Ruvubu hupita katika hifadhi ya taifa iitwayo kwa jina lake hadi Muyinga na Cankuzo, huungana na Kagera, huingia Victoria, na kutoka huko ni Nile. Chupa ioshwayo mtoni na askari mmoja mvivu ina safari ndefu mbele yake.

Sidai kwamba inzi wa milimita 4 ataokoa shamba peke yake. Mwenye inzi wa maharage shambani bado atahitaji kupanda mapema, kupandishia udongo shinani ili mche utoe mizizi mipya juu ya jeraha, kung'oa na kuharibu miche iliyokufa, na pengine kutumia mbegu iliyotiwa dawa kwa ushauri wa bwana shamba. Lakini kati ya kumsifu mno mlinzi na kumpiga risasi pana nafasi kubwa.

Sasa nigeukie neno ambalo huandikwa mara kwa mara juu ya viumbe kama hawa, kwamba ni aina "isiyojulikana sana". Neno hili lanisumbua. Haijulikani kwa nani? Mtoto achungaye mbuzi karibu na Mutoyi amemwona inzi huyu maisha yake yote. Maana yake halisi ni kwamba hajaonwa na mtu mwenye kalamu, au ameonwa na mtu mwenye kalamu aliyekuwa akipita. Kati ya 1933 na 1935 Mbelgiji G. F. de Witte alikusanya viumbe katika hifadhi iliyoitwa wakati huo Albert, huko Kivu. Inzi wa miguu mirefu waliokuwamo walisubiri hadi 1951 ndipo Paul Vanschuytbroeck akatoa kitabu juu yao. Mwaka 1953 Pierre Basilewsky alizunguka Ruanda-Urundi akikusanya wadudu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na masanduku yakaenda Ulaya. Katika zama zetu, aliyewataja kwa majina inzi wengi wa jamaa hii katika Afrika ni Igor Grichanov, mtaalamu wa Urusi. Mwaka 2017 kilipotolewa huko Pretoria kitabu kikubwa cha kuwatambua inzi wa Afrika, yeye ni miongoni mwa walioandika sura yao.

Siwalaumu watu hao. Bila wao tusingekuwa na hata hicho kidogo. Lakini tazama jambo hili: aina kadhaa za inzi duniani zajulikana kwa mdudu mmoja au wawili tu, waliochomwa pini, wenye kijikaratasi chenye jina la mahali na tarehe. Mtu alipita siku moja, akatega wavu, akaondoka. Kwa miaka 60 au 70 hiyo ndiyo habari yote ya kiumbe kile. Askari wa zamu hapiti. Yeye hukaa. Huyaona mahali pale pale alfajiri na jioni, masika na kiangazi, mwezi baada ya mwezi, naye kazi yake ni kuangalia na kukumbuka kilichobadilika. Hakuna profesa apataye nafasi ya namna hiyo.

Na Bugendana inastahili kuangaliwa hivyo. Ulimwengu ulilisikia jina hilo Julai 1996, wakati watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya waliopoteza makazi walipouawa humo kwa siku moja. Waliokuwa kazini wakati ule wanakumbuka, na vijana walioingia kazini baadaye wamesimuliwa. Hayo yana mahali pake na heshima yake, wala siyataji ili kuyachanganya na habari za wadudu. Nasema tu kwamba tarafa iliyoandikwa katika vitabu vya wageni kwa siku moja ya msiba ina haki ya kuandikwa pia kwa yale yaishiyo ndani yake kila siku, na kuandikwa na watu wake wenyewe.

Yafaa basi wakuu wa kambi na wa vituo wafikirie mambo machache, ambayo hayahitaji bajeti. Bustani ya kikosi isipulizwe kabla mtu mmoja hajatembea ndani yake asubuhi na kutazama chini ya majani kuna nini. Kando ya mfereji wa maji liachwe ukanda wa nyasi, hatua mbili au tatu, usifyekwe hadi udongo mtupu, kwa sababu katika udongo ule wenye unyevu ndimo watoto wa mwindaji hukulia. Fyeka mbele ya lango na pale panapozuia macho ya mlinzi, kwingine acha. Katika kazi za pamoja za Jumamosi, wakati askari na wananchi wanapozibua mifereji bondeni, ukingo mmoja uzibuliwe wiki hii na wa pili baadaye, badala ya kuteketeza pande zote mbili kwa siku moja. Na chupa za dawa zisioshwe mtoni, jambo ambalo naona haya kuliandika lakini kila mtu ameliona.

Kwa yule kijana ambaye lindo limemchosha naye angependa kujua zaidi, zana zake ni hizi: chupa ndogo yenye kifuniko, pombe kali ya hospitali, na sahani ya plastiki ya manjano yenye maji na tone la sabuni. Sahani ikiwekwa chini kando ya mfereji tangu asubuhi hadi jioni, wadudu wadogo huvutwa na rangi ile wakazama. Atawatoa kwa kijiti chembamba, atawatia katika pombe, na ndani ya chupa hiyo hiyo atatia kijikaratasi chenye jina la kilima, jina la mto, tarehe, na maneno machache: kwamba palikuwa na maharage, au mpunga, au nyasi tu, na kama dawa ilikuwa imepulizwa. Ofisi ya mazingira ya taifa, OBPE, pamoja na Chuo Kikuu, ndiko mahali pa kuipeleka. Kijikaratasi kiandikwe kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu huyeyuka katika pombe, na mdudu asiye na mahali wala tarehe hana faida kwa mtu yeyote.